Upe mvuke njia: mwongozo kamili wa kukata na kuchora akriliki kwa leza bila moto wala masizi

Mwezi huu nimeletewa kipande cha tatu. Ni namba ya chumba cha hoteli ya Nungwi, akriliki nyeusi ya mm 3, kingo zimepanda povu, na kuzunguka herufi pana utando mweupe kama umemwagiwa unga wa muhogo. Aliyekileta kaniuliza swali lile lile la wenzake: "Fundi, niongeze nguvu kiasi gani?"

Usiongeze hata kidogo. Pengine upunguze. Plastiki ikipigwa na leza haikatiki kama mbao chini ya msumeno, bali inageuka gesi. Gesi hiyo isipopata pa kutokea inarudi kwenye kazi yako, inapanda kwenye lenzi, au inashika moto. Ukiongeza nguvu umeongeza gesi, na njia ni ile ile.

Mwongozo huu ni wa mashine za leza ya kaboni dayoksaidi za wati 40 hadi 100, zile za kukatia mabango na zawadi za wageni. Vileza vidogo vya diodi vyenye mwanga wa buluu sivizungumzii. Mwanga wao unapita kwenye akriliki angavu kama jua dirishani, hata ukae mpaka alfajiri.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Akriliki ya kazi, na vipande vya majaribio vya ubao ule ule. Kimoja kiwe cheusi, nitaeleza sababu.
- Feni ya kunyonya moshi na bomba la bati la mm 150 linalotoka nje ya jengo.
- Pampu ya hewa au kompresa ndogo, pamoja na mtego wa maji kwenye mpira wake.
- Udi au ubani na chetezo. Sifanyi mzaha.
- Chumvi ya jikoni nusu kilo, na gilasi ya kioo.
- Waya wa shaba wa urefu wa shubiri uliomenywa plastiki yake, koleo, na jiko la gesi.
- Spiriti safi ya kusafishia lenzi, pamba, na glavu nyembamba.
- Vipande vya bati au skrubu zenye urefu sawa, za kuinulia ubao.
- Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi, uwe karibu na mkono na si nyuma ya mlango. Unga wa kuzimia moto utazima moto, lakini mashine hutaipata tena ilivyokuwa.

Kama huna mtungi, ishia hapa kwanza.

## Kabla ya hatua: nini hasa kinatoka pale mwanga unapopiga

Akriliki ni mnyororo mrefu wa molekyuli moja inayojirudia. Ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi, mnyororo unafumuka na kurudi kuwa punje zake za mwanzo, methili methakrileti. Harufu ile kali, tamu kidogo, inayoganda kwenye nguo zako mpaka nyumbani, ndiyo hiyo.

Punje hizo zinatoka zikiwa gesi, na gesi inataka nafasi. Sentimita moja ya ujazo ya akriliki ina uzito wa gramu 1.18. Ikigeuka gesi na kupoa hadi joto la chumba inajaza karibu lita 0.3, yaani mara 300 ya ujazo wake wa awali. Ikiwa bado ina nyuzi 400, inakaribia mara 650.

Sasa tulete hesabu kwenye mashine. Yangu ya wati 60 inakata mm 3 kwa mwendo wa mm 20 kwa sekunde, na mfereji wa mkato una upana wa mm 0.2. Kila sekunde inakula milimita 12 za ujazo za plastiki. Zidisha kwa 650: ni milimita za ujazo 7,800 za gesi ya moto. Ukuta wa mbele wa mkato inapotokea gesi hiyo una eneo la mm 0.6 za mraba tu. Gawanya, na utaona mvuke unaondoka ukutani kwa kasi ya kama mita 13 kwa sekunde, ndani ya ufa ambao wembe tu ndio unaopita.

Shika pia mambo haya matatu, kwani hatua zote zinayategemea. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa kama mara tatu na nusu; ukishapoa unashuka chini. Ukiwa haujachanganyika na hewa unaanza kurudi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 101, kwa hiyo ukigusa kitu baridi unaganda juu yake. Na unaweza kushika moto ukifika karibu asilimia 2 ya hewa. Kimiminika chake kinatoa mvuke wa kutosha kuwaka tangu nyuzi 10 hivi, na Zanzibar hakuna usiku wenye baridi hiyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ulichonunua ni akriliki

Hapa ndipo watu wanapoharibu mashine, si kazi tu. Plastiki ya PVC ina klorini, zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikipigwa na leza inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wetu huu inakuwa asidi. Inachoma koo lako, na baada ya siku chache reli na beringi za mashine zinaota kutu utadhani zimezamishwa baharini.

Jaribio la maji ya chumvi. Maji ya bahari hayafai, ni mepesi mno, akriliki na PVC ngumu zote zitazama. Chukua robo lita ya maji, tia chumvi kama gramu 90, koroga mpaka chumvi ikatae kuyeyuka. Tumbukiza kipande kidogo, kisugue kwa kidole chenye tone la sabuni ili vipovu vitoke. Akriliki itaelea, kwa shida, kama mtu aliyeshiba. PVC ngumu itakwenda chini moja kwa moja. Polikaboneti, plastiki nyengine angavu, itasitasita katikati.

Lakini jaribio hili linadanganywa na ule ubao mwepesi mweupe wa mabango, ambao wengi wetu tunao dukani. Ule ni PVC iliyojazwa povu, na unaelea hata kwenye maji ya kisima. Kwa huo tumia waya.

Jaribio la waya. Fanyia nje, kwenye upepo. Shika waya wa shaba kwa koleo, uchome motoni mpaka moto usibadilike rangi tena. Ukiwa bado mwekundu, ugusishe kwenye plastiki ili chembe ndogo inate, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini. Hata akikwambia muuzaji ni akriliki ya Ulaya, mrudishie.

Polikaboneti haikuui siku hiyo, ila inageuka njano, inatoa nyuzi nyeusi za masizi, na haikatiki vizuri. Plastiki ya ABS inayeyuka, na moshi wake una chembe za sianidi. Zote mbili ziache.

*Umefaulu ukiona:* kipande kinaelea kwenye chumvi, na moto wa waya haukuonesha kijani.

## Hatua ya 2: Tengeneza njia ya kutokea moshi, uipime kwa udi

Sanduku la mashine la mm 900 kwa 600 kwa 250 lina lita 135 za hewa. Mita moja ya mkato wa mm 3 inatoa karibu lita 0.18 za mvuke uliopoa. Funga kila kitu, zima feni, kata mita 15, kazi ya dakika kumi na mbili na nusu, na kama mvuke wote ungebaki ndani ungefika asilimia 2. Umejitengenezea bomu la nyumbani.

Feni ya mita za ujazo 500 kwa saa inabadilisha hewa ya sanduku hilo karibu mara moja kila sekunde. Hiyo ni kwenye karatasi. Kila kona ya bomba na kila mkunjo wa mpira wa mawimbi unakula sehemu ya nguvu hiyo. Bomba liwe fupi, pana, lenye kona chache. Feni ikae mwisho wa bomba upande wa nje, ili kipande chote cha ndani kiwe kinanyonya. Likitoboka, hewa ya chumba inaingia, moshi hautoki.

Mdomo wa kunyonya uwe chini, usawa wa meza au chini yake, kwa sababu mvuke ukipoa unashuka. Nimeona mtu katoboa tundu la kutolea moshi kwenye kifuniko juu, kama dohani la jiko la kuni. Unatoka ule wa moto tu, uliobaki unalala kwenye trei ya chini pamoja na vipande vilivyokatika.

Sasa udi. Washa feni, funga kifuniko, weka chetezo nje karibu na kila tundu na kila ufa wa mashine, ukizunguka taratibu kama unayefukiza nyumba. Moshi unatakiwa uingie ndani kila mahali. Ukiona mahali unatoka au umesimama tu, hapo ndipo mvuke utakapokufikia wewe. Baadaye weka kijiti kimoja cha ubani ndani, katikati ya meza, leza ikiwa imezimwa, utazame moshi unaelekea wapi na unazunguka wapi. Kona inayozungusha moshi ndiyo kona ambayo kazi zako zitatoka na utando.

Nje nako. Mimi bomba langu la kwanza nililielekeza mashariki. Ilipoingia kaskazi mwezi wa Disemba, upepo ukawa unaurudisha moshi ndani, na kazi zilizotoka safi tangu Agosti zikaanza kuchafuka. Nilibadilisha lenzi mbili kabla ya kwenda kutazama nje. Panda juu ya paa, au weka kiwiko chenye kofia, na ujaribu tena kila upepo unapogeuka kutoka kaskazi kwenda kusi. Mjini Mkongwe usielekeze kwenye kichochoro kabisa. Watu wamekaa barazani pale chini na mvuke huu unashuka.

*Umefaulu ukiona:* udi unaingia kila ufa, na ukikata kipande cha majaribio mtu aliyesimama mlangoni hasikii harufu.

## Hatua ya 3: Maji ya kupoza bomba la leza

Hii ni fupi ila inatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko wengine. Vitabu vya mashine vinasema poza maji hadi nyuzi 20 au chini. Chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 kinaanza kutona umande kwenye nyuzi 26. Ukitumia maji ya nyuzi 20 bomba litatoka jasho, na pale kuna umeme wa maelfu ya volti.

Kama una kiyoyozi, kausha chumba kwanza, ndipo upoze maji. Kama huna, weka maji kwenye 27 na usiruhusu yapite 30.

*Umefaulu ukiona:* bomba na kioo cha mwisho vikavu baada ya nusu saa ya kazi.

## Hatua ya 4: Lenzi na nozeli

Vua lenzi ukiwa na glavu. Itone spiriti, pitisha pamba mara moja bila kukandamiza, tupa pamba, chukua nyengine. Lenzi nyingi za mashine hizi zimetengenezwa kwa zinki selenaidi. Ikipasuka usiifute kwa mkono mtupu wala usiivute pumzi, vumbi lake ni sumu.

Hakikisha mwanga unapita katikati ya tundu la nozeli, ule mdomo chini ya lenzi unaopuliza hewa. Bandika utepe wa karatasi kwenye mdomo wake, piga pigo moja dogo, tazama alama. Ikiwa pembeni, mwanga unagusa ukuta wa nozeli na hewa nayo itatoka kombo.

*Umefaulu ukiona:* tundu moja, la mviringo, katikati.

## Hatua ya 5: Inua ubao kutoka kwenye meza

Mvuke unatoka juu na chini ya mkato. Akriliki ikilala juu ya meza ya sega, ile ya chuma yenye matundu kama sega la nyuki, ule wa chini unagonga chuma, unageuka na kupanda, ukiacha alama za masizi mgongoni mwa kazi. Inua ubao mm 5 hadi 10 kwa skrubu au vibati. Viweke mbali na mistari ya mkato.

Karatasi ya kinga ya chini iache. Ya plastiki nyembamba ivue, inayeyuka na kunata.

## Hatua ya 6: Piga nukta, usome mvuke unakwenda wapi

Hatua hii watu wanairuka, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo unapouona mvuke usioonekana.

Chukua kile kipande cheusi, kivue kinga. Weka fokasi, yaani pale mwanga unapokutana kuwa nukta, juu ya uso. Zima hewa ya nozeli, acha feni. Piga mapigo mamoja mamoja, yaliyoachana sentimita 3: moja la milisekunde 5, jengine 10, jengine 20. Tazama kwa taa ya simu ukiilaza pembeni.

Utaona kishimo, ukingo ulioinuka kukizunguka, na nje ya ukingo duara jeupe hafifu. Kila kimoja kina habari yake.

Kishimo ndicho kilichogeuka gesi. Ukingo ni plastiki iliyoyeyuka bila kugeuka gesi, ikasukumwa pembeni, kwa maana gesi inayoondoka kwa nguvu inakandamiza uso ilikotoka kama vile mtu anavyosukuma ngazi ya mashua anaporuka. Pigo likiwa kali sana, gesi haiwezi kuondoka usoni kwa kasi inayozidi kasi ya sauti ndani ya gesi yenyewe. Kwa mvuke huu wenye nyuzi 400 ni kama mita 240 kwa sekunde. Ukifika hapo, nguvu unayoongeza inapandisha presha, na presha inazidi kuyeyusha na kusukuma ukingo.

Duara jeupe ni mvuke uliopanda, ukapoa, ukarudi kuganda. Gesi huondoka kwa pembe mraba na uso ilikotoka, hata ubao ukiwa umelala kombo kidogo, halafu hewa ya juu ndiyo inayoamua itue wapi. Baadhi haifiki hata juu. Wanaofanya hesabu za uvukizaji mkali wanaonesha kwamba kwa gesi ya atomi moja moja, hadi asilimia 18 ya chembe zilizotoka zinagongana na wenzao palepale juu ya uso na kurudi zilikotoka. Akriliki si atomi moja moja, ila kurudi kunarudi.

Sasa washa hewa ya nozeli kidogo, rudia nukta tatu. Duara litavutika kuwa mkia, kama kimondo. Mkia ukielekea kwenye mdomo wa feni, uko sawa. Ukielekea mbele, kwako, nozeli imekaa kombo au feni imelemewa. Ukikosa mwelekeo maalumu, duara pana lisilo na umbo, hewa inapiga moja kwa moja chini na kusambaa. Itakufaa kwa kukata, si kwa kuchora.

*Umefaulu ukiona:* mikia yote mitatu inaelekea upande mmoja, upande wa kunyonya, na ukingo wa nukta ya milisekunde 5 hausikiki kwa ukucha.

Hifadhi kipande hicho, andika tarehe. Kazi zikianza kuchafuka baada ya miezi, piga nukta tena uvilinganishe.

## Hatua ya 7: Rekebisha hewa ya nozeli

Mwangalie mchoma mishkaki wa Forodhani na kipepeo chake. Akipepea kidogo moshi unakaa kwenye nyama. Akipepea sana majivu yanapanda juu ya nyama. Kazi yako ni ile ile.

Sasa tuna mikondo mitatu ndani ya sanduku. Mvuke wenyewe, kama mita 13 kwa sekunde ukutani mwa mkato. Hewa ya nozeli: pampu ya lita 10 kwa dakika kupitia tundu la mm 3 inatoka kwa mita 24 hivi kwa sekunde, na ya lita 20 inafika 47. Na feni, ambayo kwenye upana wote wa sanduku inasogeza hewa kwa mita 0.6 tu kwa sekunde. Ndiyo maana feni kubwa peke yake haisaidii: haiwezi kuutoa mvuke ndani ya ufa, kazi yake ni kuubeba ukishatoka. Anayeutoa ni nozeli. Ukikosa mmojawapo, mwengine hafidii.

Kwa kukata, anza na hewa ndogo, unayoisikia kwenye kiganja kama unapuliza chai ya moto. Ukuta wa mkato unahitaji kubaki laini kwa muda mfupi ili ujilainishe na kung'aa. Hewa kali inaupoza ghafla, na ukingo unatoka mweupe kama kioo cha chooni. Usiizime kabisa, kwa kuwa ndiyo inayozuia mvuke usipande kwenye lenzi.

Kwa kuchora, ongeza mara mbili au zaidi.

Mtego wa maji ufungue kila asubuhi. Kompresa inakamua unyevu wote wa hewa yetu, na tone moja likifika kwenye lenzi ya moto linaacha doa lisilofutika.

## Hatua ya 8: Kata

Fokasi: kwa mm 3 weka usoni. Kwa mm 5 na zaidi ishushe theluthi moja ndani ya unene, mfereji usibane sana chini.

Nguvu na kasi: nianzie wapi, mtu huuliza. Kwa wati 60 mimi naanzia asilimia 60 na mm 20 kwa sekunde kwa ubao wa mm 3, kisha nacheza na kasi tu, mm 2 kwa mara. Kwa mm 5 naanzia mm 9. Yako itatofautiana, bomba likizeeka linapungua nguvu.

Mapigo. Kama mashine yako ina bomba la leza la chuma, programu itakuruhusu kuchagua mapigo mangapi kwa sekunde. Ukiwa unakwenda mm 20 kwa sekunde na mapigo 100, kila pigo linatua mm 0.2 mbele ya mwenzake, sawa na upana wa mkato, na ukingo utakuwa na meno kama kisu cha mkate. Mapigo 1,000 yanatua kila mm 0.02, meno yanapotea. Mimi nakata kwa 5,000.

Kwenye 5,000 kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 0.2 tu, na mvuke wa mita 13 kwa sekunde umesogea mm 2.6: haujamaliza hata unene wa ubao. Kwa hiyo pigo jipya linapita ndani ya wingu la pigo lililopita. Wingu linakula sehemu ya mwanga na kutawanya nyengine, lakini pia linafanya kuta zibaki na moto, na kwa kukata hilo ndilo tunalotaka. Ni tofauti na mbao, ambayo inapenda mapigo machache yenye nafasi ili isiungue.

Wenye bomba la kioo, sehemu hiyo mnaweza kuiacha. Bomba lenu ni zito kuwaka na kuzima, na mapigo ya haraka kiasi hicho yanaungana kuwa mwanga mmoja. Chezeeni kasi.

Kaa hapo. Usiende kuswali, usiende kununua maji, usijibu simu nje. Simamisha mashine kwanza. Na usiondoe kile kifuniko chenye dirisha la plastiki: dirisha hilo mara nyingi ni akriliki yenyewe, na linakulinda macho kwa sababu ile ile inayoifanya ikatike, kwamba inaumeza mwanga huu wote.

*Umefaulu ukiona:* ukingo unang'aa, una mistari myembamba wima, kipande kinaanguka chenyewe, na cheche ya njano chini ya nozeli ni fupi na haibaki nyuma ya leza.

### Moto ukishika

Miali midogo inayofuata nozeli na kuzimika ni mvuke unaoungua. Ongeza hewa kidogo. Mwali ukibaki mahali leza imeshaondoka, bonyeza kitufe chekundu cha dharura hapo hapo. Acha kifuniko kimefungwa. Usipozimika ndani ya sekunde chache zima na feni, kwa sababu sasa inaulisha moto, kisha fungua upenyo mdogo na upulize mtungi. Usipige kwa kitambaa kikavu, akriliki iliyoyeyuka inanata na inaendelea kuwaka juu yake.

## Hatua ya 9: Chora

Tafuta kwanza kama akriliki yako ni ya kumiminwa au ya kukamuliwa kwa mashine. Chora mraba wa sentimita moja. Ya kumiminwa inatoa weupe mzuri wa barafu. Ya kukamuliwa inayeyuka tu, alama haionekani, na inanata kidogo. Ifanye ya kukatia.

Bandika utepe wa karatasi juu ya uso wote, mvuke ugande juu yake badala ya kazi. Fokasi ipandishe mm 1 juu ya uso ukitaka uchoro laini.

Anza upande ulio mbali na mdomo wa kunyonya, umalizie karibu nao. Mvuke unakwenda kwenye feni. Ukianza karibu na feni, kila mstari mpya unatuma uchafu wake juu ya mistari uliyomaliza. Kwa programu nyingi ni suala la kubadilisha "juu kwenda chini" kuwa "chini kwenda juu". Yule wa namba ya chumba, nusu ya tatizo lake ilikuwa hii.

Kwa michoro mizito, kama ile ya milango yetu yenye maua na minyororo, usichimbe kina chote mara moja. Pita mara mbili kwa nguvu ndogo. Pito la kwanza likitoa gesi nyingi, gesi inakwama kwenye mashimo na kuchafua ncha za maua.

*Umefaulu ukiona:* weupe uko sawa mwanzo na mwisho, na ukipitisha kidole hakirudi na unga.

## Hatua ya 10: Toa kazi na uisafishe

Leza ikisimama, acha feni iendelee dakika mbili, kifuniko kimefungwa. Plastiki bado inapumua.

Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Spiriti usiiguse kazi, wala kisafishio cha vioo chenye amonia. Kingo zilizokatwa kwa leza zimebaki na mvutano ndani, na spiriti inazipasua nyufa ndogo kama za chungu kilichozeeka. Pengine leo huzioni, utaletewa baada ya wiki. Kama kazi itagundishwa kwa gundi ya akriliki, iweke kwanza kwenye jiko la kuoka la nyuzi 80 kwa saa kadhaa, ulizime jiko, kazi ipoe humo humo.

Futa trei ya chini kila jioni. Vipande vidogo na unga wa pale ndivyo vinavyoanzisha moto wa kesho. Na mabaki yote usiyachome uani. Weka kwenye gunia, makubwa utayapigia nukta, na madogo utapata watoto wa skuli wanaotaka kutengenezea vibao vya majina.